Shajara ya Mradi: Priampu na Amplifaya ya Nguvu Zilizotenganishwa kwa Gitaa la Besi

2 Machi 2024: Uamuzi

Amplifaya yangu ya besi ilizimika mwezi Januari tukiwa katikati ya wimbo wa tatu, katika ukumbi mmoja wa hapa Dar es Salaam ambako bendi yetu hupiga muziki wa dansi kila mwisho wa wiki. Ilikuwa ya aina ile ambayo priampu, yaani sehemu inayopokea sauti dhaifu ya gitaa na kuirekebisha, imefungwa ndani ya chombo kimoja na sehemu ya nguvu inayosukuma spika. Mafundi watatu walioifungua wamesema jambo moja: sehemu ya nguvu imeundwa kwa vipuri vidogo mno ambavyo hawavipati Kariakoo, na kuagiza ubao mzima kutanigharimu karibu nusu ya bei ya chombo kipya. Priampu yake ni nzima, lakini haina tundu la kutolea sauti peke yake, kwa hiyo imekufa pamoja na mwenzake.

Nimeamua kwamba sitanunua tena chombo cha namna hiyo. Nitatengeneza priampu kwa mikono yangu, nitanunua amplifaya ya nguvu iliyotumika, ya aina wanayotumia wakodishaji wa muziki wa harusi na ambayo kila fundi anaijua, kisha nitaviweka katika kasha moja. Mpango huu si mpya. Kampuni ya Crown ilipotoa amplifaya ya nguvu ya DC-300 mwaka 1967, wapigaji besi wa Marekani walipata nguvu nyingi katika chombo kisichokuwa na priampu ya gitaa ndani yake, na priampu ya Alembic F-2B, ambayo saketi yake ilitokana na ile ya Fender, ikawa mwenzi wa amplifaya za namna hiyo. Mimi nataka faida ileile: kimoja kikiharibika, kingine kiendelee kuishi. Bajeti ni shilingi 900,000.

9 Machi 2024: Amplifaya ya nguvu

Nimenunua amplifaya ya chaneli mbili yenye transfoma ya mviringo, uzito wa kilo 17 na kimo cha nafasi mbili za raki, yaani fremu ya kufungia vyombo. Kitabu chake kinasema kila chaneli hutoa wati 200 kwenye spika ya omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) na wati 300 kwenye omu 4. Muuzaji alianza na shilingi 550,000, tukakubaliana 480,000.

Kabla ya kulipa nilipima kwa multimita volti za moja kwa moja kwenye matundu ya spika, chombo kikiwa kimewashwa bila sauti wala spika. Chaneli ya kwanza ilisoma milivolti 12 na ya pili 18. Kama ningeona volti nzima au zaidi ningeondoka palepale, maana hiyo huwa dalili ya transista za mwisho zilizoungua, na volti hizo huunguza koili ya spika kimyakimya. Kipimo hiki huchukua dakika mbili na kila anayenunua amplifaya iliyotumika anapaswa kukifanya.

23 Machi 2024: Boksi la spika nne

Ninalo boksi la zamani lenye spika nne za inchi 10, pamoja na boksi la spika moja ya inchi 15, kila boksi likiwa na omu 8. Spika moja ya inchi 10 ilikuwa imepasuka, nikaibadilisha kwa shilingi 85,000. Nilipolijaribu boksi, besi ilikuwa imepungua badala ya kuongezeka: sauti za juu zilisikika vizuri, lakini waya wa E, ulio wa chini kuliko wote, ulikuwa kama unapigwa ndani ya mto.

Nilipoteza siku nzima nikiishuku amplifaya. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimegeuza waya za spika mpya, chanya mahali pa hasi, hivyo wenzake watatu waliposukuma hewa mbele, yenyewe iliivuta nyuma. Katika masafa ya chini spika za namna hiyo hufutana. Kipimo ni betri moja ya volti 1.5: gusisha chanya ya betri kwenye chanya ya spika kwa sekunde moja tu, na koni inapaswa kuruka kuelekea mbele. Tatu ziliruka mbele, moja ikarudi nyuma. Nilizigeuza waya na besi ikarejea yote.

20 Aprili 2024: Umeme wa priampu

Priampu inatumia IC (vipande vidogo vya kukuza sauti) za TL072, ambazo nazipa volti 15 chanya na volti 15 hasi. Transfoma ni ya 15-0-15, daraja la dayodi, kapasita mbili za maikrofaradi 2200, kisha vidhibiti volti, yaani regyuleta: 7815 kwa upande chanya na 7915 kwa upande hasi. Kazi hii ni ya kawaida kabisa, na labda ndiyo sababu niliifanya bila kuangalia karatasi ya vipimo.

Miguu ya 7815, ukiitazama kutoka mbele, ni kuingia, ethi (nukta ya volti sifuri), kutoka. Niliifunga 7915 kwa mpangilio huohuo. Lakini miguu ya 7915 ni ethi, kuingia, kutoka. Nilipowasha, regyuleta ilichemka kiasi cha kunichoma kidole, na kapasita ndogo iliyo karibu nayo ikavimba. Nilinunua nyingine, nikaifunga sawasawa, nikazifunga regyuleta zote mbili kwenye kipande kimoja cha alumini ili zipoe, na fyuzi ikakatika papo hapo. Kosa hili la pili ni mtoto wa lile la kwanza: bati la mgongoni la 7815 limeungana na ethi, wakati bati la 7915 limeungana na mguu wa kuingia, wenye takribani volti 20 hasi. Alumini iliziunganisha hizo mbili. Sasa 7915 imekaa juu ya kipande cha maika, kisichopitisha umeme, na skrubu yake imevikwa bushi ya plastiki, na nimehakikisha kwa multimita kwamba bati lake haligusani na kasha.

Hasara ya siku hiyo ni shilingi 6,000. Nimeiandika kwa urefu kwa sababu mtu anayeniiga anaweza kukosea papo hapo nilipokosea mimi.

11 Mei 2024: Saketi ya priampu na mivumo miwili

Saketi yenyewe haikunisumbua. Mlango wa kuingilia una rezista ya megaomu 1, ili pikapu (vinasa sauti) za gitaa langu zisizo na betri zisipoteze sauti za juu. Baada ya hatua ya kwanza ya kukuza sauti ninatumia marekebisho ya besi na trebo kwa mtindo ambao mhandisi Mwingereza Peter Baxandall aliuchapisha mwaka 1952. Kisha kinakuja kichujio kinachozuia masafa ya chini sana: kapasita mbili za nanofaradi 100, rezista ya kiloomu 33 inayorudi kutoka mwisho wa IC, na ya kiloomu 68 inayokwenda ethi, jumla yake ikiwa ni kukata kuanzia takribani 34 Hz (mitetemo 34 kwa sekunde). Waya wa E wa besi unatetemeka kwa 41.2 Hz, kwa hiyo hakuna noti yangu inayopotea. Kinachoondoka ni ule mtikisiko wa kugusa waya kwa kiganja, ambao hauna muziki ndani yake bali huzichezesha koni za spika bure na kula wati.

Kilichonisumbua ni mvumo. Sina osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, lakini nina gitaa la besi, nalo ni kifaa kizuri cha kupimia mvumo kuliko watu wengi wanavyodhani. Umeme wetu ni wa 50 Hz. Noti ya G katika kituo cha tatu (nafasi ya tatu ya kubonyeza) cha waya wa E ni 49 Hz, na waya wa G ukiwa wazi ni 98 Hz. Kwa hiyo ukisikia mvumo ulio juu kidogo tu ya ile G ya chini, ni wa 50 Hz, na kwa kawaida unatoka kwenye usumaku wa transfoma au mzunguko wa ethi, yaani mkondo unaopita kati ya ethi mbili zilizounganishwa. Ukiwa juu kidogo tu ya waya wa G ulio wazi, ni wa 100 Hz, na chanzo chake ni daraja la dayodi na kapasita zinazojazwa mara mia kwa sekunde.

Priampu yangu ilikuwa na yote miwili. Ule wa 100 Hz ulitokana na jinsi nilivyofunga ethi. Waya wa kati wa transfoma niliuleta kwenye mstari uleule wa shaba uliobeba ethi ya mlango wa gitaa, hivyo mikondo mikali ya kujaza kapasita ikawa inapita katika njia ya sauti. Niliuondoa, nikaufunga kwanza pale kapasita mbili zinapokutana, na kutoka hapo nikatoa waya mmoja tu kwenda kwenye nukta moja ambamo ethi zote nyingine zinakutana. Mvumo huo ulitoweka.

Ule wa 50 Hz ulikuwa mgumu zaidi. Nilizungusha transfoma ndani ya kasha, ukapungua bila kwisha. Nilifunika waya wa kuingilia kwa kebo yenye kinga, ukapungua tena kidogo. Kasha la nafasi moja ya raki lina kimo cha milimita 44 tu, na humo ndani hakuna mahali palipo mbali na transfoma. Mwishowe nimeitoa nje kabisa, nikaiweka ndani ya kiboksi chake cha chuma chenye fyuzi nyuma ya raki, na priampu sasa inapokea umeme kwa kebo ya waya tatu. Kama ningeanza upya, ningeanza hivyo. Vifaa vyote vya priampu pamoja na makasha vimegharimu shilingi 142,000.

25 Mei 2024: Kuunganisha vyombo viwili kwa mara ya kwanza

Hapa ndipo nilipoelewa kwamba kazi ya kutenganisha vyombo imo katika maungio yake. Priampu ikiwa peke yake ilikuwa safi, amplifaya ikiwa peke yake ilikuwa kimya. Zilipounganishwa, nilipata mlio wa "shii" unaosikika hadi chumba cha pili, na kitufe cha sauti cha priampu kilikuwa kinafika ukomo kabla hata hakijazungushwa robo.

Sababu ni hesabu. Amplifaya yangu hufikia nguvu zake zote ikipokea volti 0.775. Wati 200 kwenye omu 8 ni volti 40, maana yake inakuza karibu mara 52, au desibeli 34. Priampu yenye umeme wa volti 15 kila upande inaweza kutoa takribani volti 9. Nilikuwa nikitumia sehemu ndogo sana ya uwezo wake, huku kelele zake ndogo za asili zikikuzwa mara 52.

Ningeweza kupunguza vitufe vya mbele vya amplifaya na kuishia hapo. Vitufe hivyo havipunguzi wati ambazo chombo kinaweza kutoa. Vinapunguza kinachoingia tu, jambo ambalo wapigaji wengi hulielewa kinyume. Lakini raki hubebwa na watu, vitufe huguswa, na sitaki kutafuta mpangilio wangu gizani kila Ijumaa. Nimeweka kipunguzi cha kudumu kwenye mlango wa kutolea wa priampu: rezista ya kiloomu 2.2 kwenye pini ya 2 ya tundu hilo, nyingine kama hiyo kwenye pini ya 3, na ya kiloomu 1 kati ya pini hizo mbili upande wa amplifaya. Kwa mlango wa kuingilia wa kiloomu 20, kinachobaki ni asilimia 18 hivi, yaani upungufu wa desibeli 15. Sasa priampu inatoa volti 4.3 ili amplifaya ifike mwisho, kelele zimeshuka kwa desibeli hizohizo 15, na vitufe vya amplifaya viko wazi kabisa na vimefunikwa kwa kibati.

8 Juni 2024: Kasha la raki

Kasha ni la plaiwudi ya milimita 18. Nilimwambia seremala kwamba raki ni ya inchi 19, naye akakata upana wa ndani wa milimita 484, ambao ni upana wa uso wa chombo, si wa mwili wake. Vyombo vikaingia vyote na kutumbukia ndani, maana hapakuwa na kitu cha kufungia skrubu. Sikumwambia vipimo kamili, kwa hiyo kosa si lake. Uwazi kati ya mihimili unatakiwa uwe milimita 450, na mashimo ya kushoto na kulia yaachane kwa milimita 465. Tumeongeza papi za mninga zenye unene wa milimita 17 kila upande, na skrubu zinashika vizuri kuliko ambavyo zingeshika kwenye plaiwudi. Kasha lilikuwa shilingi 110,000, na papi hizo ziliongeza 18,000.

15 Juni 2024: Jaribio la briji

Amplifaya ina swichi ya briji inayounganisha chaneli mbili kuwa moja ya wati 600. Niliyaunganisha maboksi yote mawili sambamba, ikawa omu 4, nikawasha briji. Ilipiga kwa dakika chache, kisha taa nyekundu ikawaka na sauti ikakatika.

Katika briji kila chaneli huona nusu tu ya mzigo. Omu 4 zangu zilikuwa omu 2 kwa kila chaneli, wakati chombo hiki kinaruhusu 4. Nashukuru kwamba kinga yake ilifanya kazi. Nimeiacha briji. Kila chaneli sasa inasukuma boksi lake la omu 8 kwa wati 200, zote zikipokea sauti ileile. Jumla ni wati 400 badala ya 600, na tofauti yake ni chini ya desibeli 2, ambazo sikioni ni jambo dogo sana. Kuna faida nyingine: chaneli moja ikifa jukwaani, boksi moja litaendelea kupiga.

Viunganishi viwili vya spika, aina ya Speakon, nilivyonunua kwa ajili ya briji, shilingi 10,000, vimebaki sandukuni.

22 Juni 2024: Onyesho la kwanza

Sauti ilikuwa ile niliyoitaka. Nyimbo zetu huanza polepole, na wakati huo mtu hawezi kutofautisha amplifaya nzuri na ya wastani, lakini sebene lilipofunguka na magitaa matatu yakaanza kujibizana, besi ilibaki mahali pake bila kukwaruza. Mzee wetu wa gitaa la solo, ambaye hasifu vyombo, aligeuka akanitazama.

Dakika 40 baadaye amplifaya ilijizima kwa joto. Feni yake huvuta hewa kutoka nyuma na kuitoa mbele, nami nilikuwa nimeliegemeza kasha kwenye pazia zito la jukwaa. Nilisogeza kasha, nikasubiri dakika kumi bila besi, na hizo zilikuwa dakika ndefu. Nimerekebisha mambo mawili: mlango wa nyuma sasa hutolewa kabisa wakati wa kupiga, na vibao viwili vilivyochomoza kwa sentimita 15 vinazuia kasha lisiweze kuegemezwa mahali popote. Kati ya priampu na amplifaya nimeacha nafasi moja tupu.

Jambo jingine la usiku huo: niliwasha vyombo vyote kwa swichi moja, na mshindo wa priampu inapoamka ulipita moja kwa moja kwenye spika. Kila chombo sasa kina swichi yake, iliyopakwa namba. Priampu huwashwa kwanza na kuzimwa mwisho.

6 Julai 2024: Ethi

Ukumbi wa pili ulitaka besi iingie kwenye miksa yao. Nilipochomeka kebo, mvumo ulijaa ukumbi mzima. Nilipiga G ya kituo cha tatu kwenye waya wa E: ni 50 Hz, kwa hiyo ni mzunguko wa ethi. Raki yangu ilikuwa na ethi ya soketi ya jukwaani, miksa ilikuwa na ethi ya soketi ya upande wa pili wa ukumbi, na kinga ya kebo yangu ikaziunganisha ethi hizo mbili na kubeba mkondo kati yake.

Kijana wa mitambo alishika bisibisi, akataka kufungua plagi ya raki na kuutoa waya wa ethi. Nilikataa, na ninaomba kila anayesoma hapa akatae. Mvumo ungeisha kweli. Lakini siku transfoma itakapovuja, kasha lote la chuma litakuwa na volti 230, na waya za gitaa langu zimeungana na kasha hilo. Midomo yangu iko karibu na maikrofoni iliyounganishwa na ethi ya miksa. Mwanamuziki aliyeshika gitaa na kugusa maikrofoni katika hali hiyo anapitishwa umeme kifuani.

Usiku ule tuliweka maikrofoni mbele ya boksi. Wiki iliyofuata nilinunua transfoma ndogo ya sauti ya omu 600 kwa 600, shilingi 25,000, nikaifunga kwenye mlango wa miksa wa priampu. Sauti inavuka kwa usumaku, ethi haivuki. Kinga ya kebo nimeiunganisha upande wa miksa tu. Jumamosi tumejaribu katika ukumbi uleule na kumekuwa kimya kabisa.

20 Julai 2024: Hesabu

Amplifaya 480,000, spika 85,000, priampu 142,000, kasha 110,000, kebo na viunganishi 78,000, transfoma ya sauti 25,000, na makosa 34,000. Jumla ni shilingi 954,000, yaani 54,000 juu ya bajeti.

Limebaki tatizo moja. Transfoma ya mviringo hunyonya mkondo mkubwa sana pale inapowashwa, na katika kumbi mbili breka ya jukwaa imekatika wakati huo, ingawa ikishawaka hakuna shida. Nimenunua rezista ya omu 22 ya wati 50 na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya ampea 16. Rezista itapunguza mkondo kwa sekunde moja, kisha rilei itairuka. Nitaandika matokeo nikishaifunga.